Mbacha Ukikosekana Dukani

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii husomeshwa tangu shule ya msingi, na aghalabu hufasiriwa kuwa karipio kwa mwenye tamaa, yule anayekitupa kilicho chake kwa kuona cha kigeni kinang'aa. Hata hivyo, methali haisemi lolote kuhusu mtu ambaye hakuuacha mbacha wake. Aliulalia miaka thelathini, akajua ulipochakaa na ulipo mzima, kisha siku moja akaenda sokoni kutafuta mwingine wa aina ile ile akaambiwa haupo, na haijulikani utakuja lini. Mtu kama huyo afanyeje na msala ulio mbele yake?

Swali hili halihusu mikeka. Tangu mwaka 2020 limewakabili watu wengi nchini Marekani ambao hujaza upya, nyumbani kwao, maganda ya bunduki za marisawa, na ambao baruti waliyoizoea imekuwa ikiadimika madukani mara kwa mara. Muuzaji huwaonyesha kopo lenye jina jingine. Ni baruti vilevile, huwaambia. Ukweli ni kwamba si baruti vilevile, na tofauti hiyo inaweza kumgharimu mtu jicho au vidole.

Kwanza kazi yenyewe ielezwe, kwani yamkini wasomaji wengi hawajaiona. Ganda la marisawa ni kikopo cha plastiki chenye kitako cha madini. Likishafyatuliwa halitupwi. Mwenyewe huing'oa fataki iliyokwisha kulipuka kitakoni na kutia mpya, akamimina baruti, akaweka juu yake kizibo cha plastiki chenye umbo la kikombe, akayamimina marisawa humo, kisha akaukunja mdomo wa ganda mikunjo sita au minane kama nyota. Mashine ya kufanyia kazi hii ni ya mkono, nayo hufungwa kwenye meza ndani ya gereji. Zile za MEC, zinazotoka mji wa Mayville katika jimbo la Wisconsin, zinajulikana mno. Ganda moja huweza kujazwa mara kadhaa kabla ya mdomo wake kuraruka.

Kazi hii inastahili kuitwa kushindilia, na anayeifanya kuitwa mshindiliaji. Kiswahili kina kitenzi hicho tangu zamani, nacho kina maana ya kutia bunduki baruti na risasi, kama kinavyotumiwa pia kwa magunia na matumbo. Hakuna haja ya kuunda neno jipya ilhali la zamani lingali na nguvu.

Wengi wa washindiliaji hawa si wawindaji wa kila siku. Hulenga sahani za lami na chokaa zinazorushwa hewani kwa mtambo, mchezo ambao uliingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1900. Duru moja ni sahani 25, na ni nadra mtu kutosheka na duru moja. Mwisho wa wiki mmoja humaliza maganda mia bila mchezaji kuona kuwa amepita kiasi, kwa hivyo gharama ni sababu ya kutosha ya kumketisha mtu mezani jioni za majira ya baridi. Lakini ipo sababu nyingine, na ndiyo nzito zaidi. Ganda la dukani humpiga mtoto bega. Babu anayemfundisha mjukuu wake kulenga hutaka ganda jepesi, lisilomtia mtoto hofu akaufumbia mchezo macho, na ganda hilo hulishindilia mwenyewe. Hapo ndipo hesabu yake inapobadilika. Baruti anayoijaribu haitalipuka karibu na shavu lake peke yake.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki na bara yake hawakuwa wageni wa kazi hii. Enzi za gobore, kila mpiga bunduki alikuwa mshindiliaji. Alimimina baruti kwenye mdomo wa kasiba, akatia risasi au marisawa, akashindilia kwa mdeki, na kila mlio mmoja ulikuwa kazi ya mikono yake tangu mwanzo hadi mwisho. Msamiati wa kazi hiyo umelala kwenye kamusi kuukuu: mdeki, kasiba, gumegume, shura, fataki. Fataki, mathalani, ilikuwa kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti kabla haijawa jina la mapambo ya moto ya sherehe. Na nchini Tanzania, kufuatia kampeni ya redioni ya mwishoni mwa miaka ya 2000, likawa jina la mwanamume mzima anayewarubuni wasichana. Safari ya neno hilo moja ingetosha tasnifu.

Sehemu ya biashara hiyo ya baruti ilihusisha Marekani yenyewe. Mkataba wa urafiki na biashara uliotiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833, baina ya Edmund Roberts kwa niaba ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan, uliwapa Wamarekani uhuru wa kuuza na kununua katika bandari za Sultani. Kulikuwa na sharti moja lenye maana hapa: katika kisiwa cha Unguja, bunduki, baruti na risasi zingeuzwa kwa serikali tu. Kwingineko katika milki ya Sultani ziliweza kuuzwa kwa yeyote. Pamoja na baruti zikaja jora za kitambaa cha pamba ambazo mpaka leo jina lake ni merikani.

Baruti ya wakati huo ilikuwa nyeusi, mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa, yenye moshi wa kuficha mtaa. Katika miaka ya 1860 afisa wa mizinga wa Prussia, Schultze, alitengeneza baruti ya marisawa kutokana na mbao zilizotiwa asidi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akapata baruti ya bunduki za kijeshi isiyo na moshi, na mwaka 1887 Alfred Nobel akaleta ya kwake, Ballistite. Mataifa ya Ulaya yaliielewa tofauti hiyo upesi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao pamoja na kupinga biashara ya watumwa ulidhibiti silaha katika Afrika baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, uliwaachia wenyeji kwa jumla gobore za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Silaha bora na baruti bora zikawa za wengine. Waliouandika walijua kwamba neno moja linabeba vitu viwili, na wakahakikisha kwamba kimoja tu kinafika.

Kiswahili hakikupewa nafasi ya kulipambanua neno hilo. Baruti ni baruti, iwe nyeusi, iwe ya kisasa, iwe ya kupasulia mawe machimboni. Si aibu ya lugha. Kiingereza nacho kilifanya vivyo hivyo, na Waingereza na Wamarekani waliojua baruti ya zamani walilipia kosa la neno kwa miili yao. Jambo hili lahitaji kuelezwa kwa utulivu.

Baruti nyeusi huwaka kwa ghafla hata ikiwa wazi. Ile ya kisasa, ikiwa chache na wazi, huungua polepole kama ukanda wa karatasi, na mtazamaji huweza kuidharau. Ifungie ndani ya ganda na kasiba, nayo hubadilika tabia: kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyoungua kwa kasi, na kadiri inavyoungua kwa kasi ndivyo shinikizo linavyozidi kupanda. Kwa sababu hiyo ongezeko dogo la baruti halileti ongezeko dogo la nguvu. Kuna mahali ambapo kiasi kinachoonekana kidogo kwa jicho huleta kishindo ambacho chuma hakikuundwa kukistahimili.

Watengenezaji wa kwanza wa baruti mpya za marisawa, akina Schultze na wale wa E.C. wa Uingereza, waliliona tatizo la mazoea. Wakaifanya baruti yao iwe nyepesi yenye kujaa, ili mtu aliyezoea kupima kwa kikombe chake cha zamani aendelee kupima kwa kikombe hicho hicho. Ilikuwa hekima ya kibiashara. Baadaye zikaja baruti nzito, Ballistite ikiwa mojawapo, ambazo kiasi kidogo chake kilifanya kazi ya kikombe kizima cha nyeusi. Wapo waliochukua kikombe kile kile. Wanaume waliokuwa wamewinda tangu utotoni, mahodari wa kazi yao, walijaza kikombe walichokiamini na kasiba zikapasuka mikononi mwao. Mgeni asiyejua lolote angeuliza. Wao hawakuuliza kwa sababu walijua.

Athari ya kikombe hicho haijatoweka. Maboksi ya maganda nchini Marekani bado huchapishwa kipimo cha drami, na drami hizo si za baruti iliyomo ndani. Ni drami za baruti nyeusi ambayo ingehitajika kuyarusha marisawa kwa kasi sawa. Kwa ganda la kawaida la geji 12 lenye wakia moja na moja ya nane ya marisawa, drami 3 humaanisha futi 1,200 kwa sekunde na si zaidi ya hapo. Anayezichukua kuwa maagizo ya kupimia atapata punje zipatazo 82, yaani kiasi cha baruti ya kisasa kinachoweza kuigeuza bunduki kuwa bomu. Wanaisimu hupenda kusema kwamba maneno hubaki baada ya vitu vyake kupita. Hapa limebaki hata neno la kipimo, kwenye boksi linalouzwa dukani leo.

Kuadimika kulikotajwa mwanzoni kuna sababu zake. Janga la korona la mwaka 2020 liliwafanya Wamarekani wengi wanunue silaha na risasi kuliko kawaida. Vita vya Ukraini, tangu Februari 2022, vikaongeza mahitaji ya baruti ya mizinga. Januari 2024 kampuni ya Vista Outdoor, iliyokuwa wakati huo ikimiliki jina la Alliant, iliwaandikia wateja wake kwamba bei ya baruti ingepanda kwa sababu ya uhaba duniani. Na chini ya yote hayo iko pamba. Kiini cha baruti ya kisasa hutokana aghalabu na zile nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu baada ya pamba kuchambuliwa, ambazo hutiwa asidi zikawa kitu kingine. Merikani na baruti, zilizofika Unguja katika merikebu moja, kumbe zingekuja kuwa jamaa wa damu.

Basi mshindiliaji amerudi gerejini na kopo jipya. Labda kwa miaka yote alitumia Red Dot, baruti iliyoingia sokoni mwaka 1932, ambayo mtu huitambua kwa vipande vyekundu vilivyochanganyika na vyeusi. Sasa ameletewa Clays ya kampuni ya Hodgdon, au nyingine. Mashine yake haipimi uzito. Hupima ujazo kwa bushi, kipete chenye tundu la kiasi fulani: baruti hushuka, hulijaza tundu, hukatwa, huangukia gandani. Bushi aliyoizoea imekaa pale kwa muda mrefu hata ameacha kuiona. Ndicho kikombe cha babu zake kilichorudi kwa umbo jingine. Tundu lile lile, likijazwa vipande bapa vya baruti moja na punje za duara za nyingine, hutoa uzito tofauti kabisa. Na hata uzito ukiwa mmoja, kasi ya kuungua haiwi moja.

Hivyo jambo la kwanza analotakiwa kufanya ni kuiondoa bushi, kumwaga baruti ya zamani yote kutoka kwenye chupa ya mashine na kuirudisha katika kopo lake lenye jina, kisha kufungua kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti mpya. Mezani hukaa kopo moja tu. Baruti iliyolala kwenye chupa ya mashine bila jina, na mwenyewe akawa hana yakini ni ipi, haitumiwi hata ikifanana mno na ile anayoidhania. Kisha huweka bushi iliyotajwa kitabuni, akadondosha kipimo juu ya mizani, na kingine, na kingine tena, kwa sababu orodha ya bushi nayo ni makadirio. Mizani ndiyo hakimu. Kipimo chake ni punje, ambazo 7,000 ndizo pauni moja.

Kitabu hicho husomwa kwa namna ambayo mwanafunzi wa fasihi angeikubali. Mstari mmoja hutaja ganda la aina fulani, fataki ya aina fulani, kizibo fulani, uzito wa marisawa, kisha baruti na kiasi chake. Vyote hivyo ni sentensi moja. Msomaji hana ruhusa ya kubadilisha neno moja akatarajia maana ibaki. Fataki ya kampuni nyingine, yenye ukubwa ule ule na umbo lile lile, inaweza kulipandisha shinikizo kwa maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba, ilhali kikomo cha ganda la kawaida la geji 12 huko Marekani ni 11,500. Na upungufu wa madukani haukuikumba baruti peke yake. Fataki nazo ziliadimika, vizibo vikaadimika, na kishawishi cha kuunganisha hiki cha hapa na kile cha pale kikawa kikubwa kuliko wakati wowote.

Wanaoipenda kazi hii huilinganisha na upishi. Ulinganisho huo haufai. Mpishi wa pilau hukosea chumvi akaonja, akaongeza maji, akasahihisha. Ulimi wake u karibu. Mshindiliaji hana ulimi. Anaweza kusikia mlio, kuhisi bega, kutazama masizi ndani ya kasiba, hata kupima kasi ya marisawa kwa chombo cha umeme kinachouzwa madukani; lakini shinikizo, ambalo ndilo linalopasua, halionekani kwake. Hupimwa katika maabara kwa kasiba maalumu. Wenye bunduki za risasi moja husoma ishara fulani kwenye ganda lililotumika, ingawa nazo si za kuaminiwa sana. Ganda la marisawa husema machache zaidi. Huweza kutoka zuri, limenyooka, fataki haina alama, kumbe limevuka kikomo.

Hapa kitenzi 'kujaribu' kinaleta utata. Mtu hujaribu bahati, hujaribu mtihani, hujaribu vazi, hujaribu breki za gari. Maana hizo hazilingani. Anayejaribu vazi hupoteza dakika tano. Anayejaribu baruti kwa maana ile ya bahati huenda akafaulu mara kumi, na kufaulu huko kukawa ndiko kunakomharibu, maana hukipa kipimo kibaya sura ya uzoefu. Maana inayofaa ni ile ya fundi wa breki: kuhakiki jambo ambalo wengine wamekwisha kulipima. Kazi ngumu ilifanywa maabarani. Jaribio la gerejini ni kuona tu kama baruti iliyokwisha kupimwa na wenye vyombo inapita vyema kwenye mashine hii, inaungua safi katika baridi ya asubuhi (zipo zinazolegea katika baridi), na kama mtoto anaweza kuistahimili.

Jambo la mwisho huwashangaza wengi: udogo nao unaua. Babu anayemhurumia mjukuu huweza kudhani kwamba kupunguza baruti chini ya kitabu ni kuongeza usalama. Kipimo kikipungua mno, baruti huwaka vibaya, mlio huwa hafifu, kama mtu aliyepuliza mdomo wa chupa, na kizibo huweza kukwama katikati ya kasiba. Sahani imekosewa, mtoto ana hamu ya nyingine, ganda la pili limo tayari. Likifyatuliwa juu ya kizibo kile, kasiba huvimba au kupasuka. Ndiyo maana anayesikia mlio wa namna hiyo husimamishwa papo hapo, bunduki hufunguliwa, na mtu huchungulia kasiba tupu mpaka aone mwanga upande wa pili. Wazee wa viwanja vya sahani hulifanya hili bila kuona haya wala kumwonea haya mwenzao, hata kama shindano limepamba moto.

Ikiwa yote yamekwenda sawa, mshindiliaji huandika kwa kalamu juu ya boksi: jina la baruti, kiasi, fataki, kizibo, tarehe. Maganda mapya hayachanganywi na ya baruti ya zamani kwa kuwa yanafanana kwa nje. Makopo hubaki na majina yake, mbali na moto. Kanuni za kuzuia moto zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani huruhusu pauni 20 nyumbani zikiwa katika makopo yake ya asili, na zaidi ya hapo hutakiwa kabati au boksi la mbao lenye unene wa inchi moja. Kopo lililo zima hutoa harufu kama ya spiriti. Likianza kunuka ukali wa asidi, au vumbi la rangi ya kutu likaonekana ndani, halibakizwi nyumbani.

Chini ya kopo la zamani husalia kiasi kisichotosha boksi moja. Kukichanganya na kipya ni mwiko usio na udhuru. Wengine hukiweka rafuni, kwa matumaini kwamba duka litapata mzigo mwaka ujao. Wengine hutoka nacho nje na kukitawanya kidogo kidogo juu ya nyasi, kwa kuwa kina naitrojeni, na mvua ya masika hukimalizia kazi.